Robert Boyle: swali la Mjesuiti na kanuni ya hewa



Vijana wenzangu, leo nawaletea maisha ya mtu ambaye hakuwa Mkatoliki. Najua kuna atakayeuliza kulikoni, frateri ameishiwa watakatifu? Hapana. Vumilieni kidogo, mtaona kwa nini nimemchagua.

Kila aliyepita kwenye fizikia ya sekondari amekutana na jina lake. Kanuni ya Boyle: joto likibaki lilelile, ukibana hewa hadi nusu ya ujazo wake, mgandamizo wake unakuwa mara mbili. Wengi wetu tuliikariri, tukaijibu kwenye mtihani, basi. Vitabu vya shule havituambii kwamba kanuni hii ilipatikana kwa sababu padre Mjesuiti alimpinga Boyle, wala kwamba aliyemwonyesha Boyle maana ya vipimo vyake alikuwa mlei Mkatoliki. Hayo yote yalitokea Uingereza ya karne ya 17, nchi ambayo Mkatoliki alitozwa faini kwa kutohudhuria kanisa la serikali, na Mjesuiti aliyekamatwa angeweza kuuawa.

Mimi nimesoma falsafa, si fizikia. Lakini maisha ya mtu huyu yamenisaidia katika jambo linalotusumbua sana vijana wa leo: tufanye nini tunapoulizwa swali gumu kuhusu kitu tunachokiamini?

Mtoto wa tajiri

Robert Boyle alizaliwa tarehe 25 Januari 1627 katika ngome ya Lismore, kusini mwa Ireland. Alikuwa mtoto wa 14. Baba yake, Richard Boyle, alifika Ireland kutoka Uingereza mwaka 1588 akiwa kijana asiye na kitu cha maana mfukoni, akaja kupewa cheo cha Earl wa Cork na kuwa mmoja wa matajiri wakubwa wa zama zake.

Tuseme ukweli wote. Utajiri ule ulitokana na ardhi ya Ireland, wakati Waayalandi Wakatoliki wakinyang'anywa mashamba na mali za monasteri zikiwa zimeshagawanywa kwa wakubwa. Robert alirithi sehemu ya mali hiyo. Alipokuwa mtu mzima, mapato ya ardhi iliyowahi kuwa ya Kanisa yalimkosesha raha, akawa anatoa sehemu yake kwa maskini na kwa kazi za dini. Hilo halifuti dhuluma iliyofanyika, ila linatuonyesha kwamba dhamiri yake ilikuwa hai.

Baba yake hakutaka watoto walelewe kwa kudekezwa, kwa hiyo Robert alipokuwa mchanga alipelekwa kwa mlezi kijijini. Mama yake alifariki mtoto akiwa na miaka mitatu tu. Akakua na kigugumizi kilichomfuata maisha yake yote. Akiwa na miaka minane akapelekwa shule ya Eton, na mwaka 1639 akaanza safari ndefu ya masomo barani Ulaya pamoja na kaka yake Francis na mwalimu wao, Isaac Marcombes. Makao yao yakawa Geneva.

Usiku wa radi

Geneva ndipo jambo la kwanza kubwa lilipompata. Alikuwa na miaka kama 13. Usiku mmoja aliamshwa na radi kali. Umeme ulikuwa unamulika mfululizo, upepo unavuma, naye akaamini kwamba siku ya hukumu imefika. Kilichomtisha zaidi si radi yenyewe, ni kujiona hayuko tayari. Akaahidi kwamba akipona usiku ule ataishi kwa uangalifu zaidi mbele ya Mungu.

Sasa, ahadi za namna hiyo tunazijua. Nani hajaahidi makubwa usiku wa kuamkia matokeo ya mtihani, au akiwa kitandani na malaria? Kulipokucha, mbingu ikiwa safi na hatari imepita, Boyle aliirudia ahadi yake upya. Aliona aibu kumpa Mungu kitu kilichotokana na hofu tu, akataka kukitoa akiwa ametulia. Kwangu mimi hiyo asubuhi ina uzito kuliko radi ya usiku.

Lakini msidhani kwamba tangu hapo mambo yalinyooka. Baadaye kidogo, katika matembezi yao milimani, alifika Grande Chartreuse, monasteri maarufu ya Wakartusiani huko Ufaransa. Ukimya wa mahali pale na ukali wa milima vilimwingia vibaya. Yakamjia mashaka mazito kuhusu mambo ya msingi kabisa ya imani ya Kikristo, na huzuni kubwa kiasi kwamba aliwaza kujiua. Yeye mwenyewe aliandika kwamba kilichomzuia ni kujua kuwa imani inakataza jambo hilo. Hali hiyo ilidumu miezi mingi, mpaka siku moja baada ya kupokea sakramenti akahisi tena ukaribu wa Mungu.

Naomba nisimame hapa kidogo. Kama wewe unayesoma uko katika giza la namna hiyo, usibaki nalo peke yako. Mwambie mzazi, padre, daktari, rafiki unayemwamini, na umwambie leo. Boyle aliishi miaka 50 zaidi baada ya giza lile, na kila kitu tunachomkumbukia kilifanyika katika miaka hiyo.

Mashaka hayakuisha kabisa. Yalimrudia mara kwa mara hadi uzeeni. Ila kuna uamuzi alioufanya, na ndio ufunguo wa habari yetu yote: aliona kwamba imani yake isitegemee tu kuwa alizaliwa katika nyumba ya Wakristo. Akaamua kuyachunguza maswali badala ya kuyafukuza. Ili asome Biblia katika lugha zake za asili alijifunza Kiebrania na Kigiriki, akaongeza Kiaramu na Kisiria, ingawa macho yake yalikuwa dhaifu na mara nyingi alilazimika kutumia makarani wa kumsomea na kumwandikia.

Hewa ina springi

Mwishoni mwa mwaka 1641 Boyle alikuwa Florence, Italia. Galileo alifariki Januari 1642 jirani na mji huo, na kijana Boyle alikuwa bado yuko pale akisoma vitabu vyake. Wakati huohuo maasi yalikuwa yamelipuka Ireland, fedha za nyumbani zikakatika, na baba yake akafariki mwaka 1643. Robert alirudi Uingereza mwaka 1644, akaikuta nchi ikiwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Akaenda kuishi kwenye shamba alilorithi huko Stalbridge, akaanza majaribio ya kemia. Katikati ya miaka ya 1650 akahamia Oxford, akapanga chumba kwenye nyumba ya muuza dawa.

Swali kubwa la zama zile lilikuwa hewa. Wale mliosoma falsafa mnakumbuka fundisho la Aristotle kwamba maumbile hayakubali ombwe, yaani mahali patupu kabisa pasipo na kitu chochote. Ukivuta hewa kwenye mrija, maji yanapanda. Kwa nini? Jibu la zamani lilikuwa kwamba yanapanda ili kuzuia utupu usitokee. Lakini miaka ya 1640 Evangelista Torricelli wa Italia na wenzake walionyesha kitu cha ajabu. Jaza zebaki kwenye mrija mrefu wa kioo uliozibwa upande mmoja, uugeuze juu chini ndani ya bakuli la zebaki: zebaki inashuka, halafu inasimama kwenye kimo cha kama inchi 29 au 30, na juu yake panabaki nafasi. Mwaka 1648 Blaise Pascal, Mkatoliki, alimwomba shemeji yake apande na kifaa hicho juu ya mlima Puy de Dôme huko Ufaransa. Kule juu zebaki ilisimama chini zaidi. Hoja ikawa hivi: tunaishi chini ya bahari ya hewa, hewa ina uzito, na uzito huo ndio unaoishikilia zebaki. Mlimani hewa iliyobaki juu yako ni kidogo, kwa hiyo uzito umepungua.

Boyle akataka kujua zaidi. Akamwajiri kijana fundi hodari, Robert Hooke, na mwaka 1659 wakawa na pampu ya kunyonya hewa kutoka kwenye chombo kikubwa cha kioo. Ndani yake mshumaa ulizimika. Sauti ilififia. Ndege alikufa. Na walipoweka ndani yake kile kifaa cha Torricelli, kila hewa ilipopunguzwa zebaki nayo ilishuka.

Mwaka 1660 Boyle alichapisha kitabu kuhusu hayo yote. Alieleza kwamba hewa haina uzito tu, ina na springi. Akaifananisha na lundo la manyoya ya kondoo: yabane, yatajikunja; yaachie, yatafunguka. Kipande kidogo cha hewa kilichofungiwa kinasukuma kuta zake kila upande, na ukikibana kinasukuma zaidi.

Padre Line anapinga

Hapa ndipo anapoingia mtu wetu. Francis Line, kwa Kilatini Franciscus Linus, alizaliwa London mwaka 1595, akajiunga na Shirika la Yesu, akafundisha hisabati na Kiebrania katika chuo cha Wajesuiti Waingereza huko Liège, Ubelgiji ya leo. Alikuwa fundi mashuhuri wa saa za jua. Si mtu wa kubahatisha.

Mwaka 1661 alichapisha kitabu cha kumpinga Boyle. Hakukataa kwamba hewa ina uzito na springi kidogo. Alichokataa ni kwamba springi hiyo ina nguvu ya kutosha kushikilia inchi 29 za zebaki. Akasema: chukua mrija ulio wazi pande zote, ujaze zebaki, ziba juu kwa kidole chako, kisha acha zebaki ishuke. Utasikia kidole kinavutwa ndani. Basi zebaki inashikiliwa kutoka juu, na uzi mwembamba usioonekana uliopo katika nafasi ile inayoonekana tupu.

Kwetu leo uzi huo unaonekana kichekesho. Lakini hebu jaribu mwenyewe. Chukua bomba la sindano jipya lisilo na sindano, sukuma pistoni hadi mwisho, ziba tundu kwa kidole, kisha vuta. Kidole kinavutwa ndani, tena kweli kweli! Ukiulizwa ghafla, utasema kuna kitu ndani kinavuta. Padre Line alianza na kitu alichokihisi kwenye ngozi yake. Swali lake lilikuwa halali kabisa, na aliyetaka kumjibu alitakiwa kuonyesha kwamba hewa ya nje inaweza kusukuma kwa nguvu nyingi kiasi hicho.

Boyle angeweza kumdharau. Alikuwa tajiri, mwana wa Earl, mmoja wa watu 12 waliokutana London tarehe 28 Novemba 1660 na kuanzisha jumuiya ya wanasayansi ambayo leo ni Royal Society. Mpinzani wake alikuwa Mjesuiti aliye ugenini. Katika Uingereza ile, kulitaja tu neno Mjesuiti kungetosha kumaliza mjadala na kupigiwa makofi. Boyle hakufanya hivyo. Aliieleza hoja ya Line kwa kirefu, akamjibu kwa heshima, akarudi kwenye vyombo vyake kupima.

Mrija kwenye ngazi

Walitengeneza mrija wa kioo uliopindwa mfano wa herufi J. Upande mfupi ulizibwa juu, upande mrefu ukaachwa wazi. Mrija wa kwanza ulipasuka, zebaki ikamwagika. Uliofuata waliuweka ndani ya sanduku la kukinga zebaki, na kwa kuwa ulikuwa mrefu mno kwa chumba, waliusimamisha kwenye ngazi za nyumba. Mmoja anamimina zebaki kidogo kidogo kutoka juu, mwingine chini anasoma vipimo kwenye ukanda wa karatasi uliobandikwa kwenye kioo.

Katika upande mfupi kulikuwa na hewa iliyofungiwa, urefu wa inchi 12. Mwanzoni zebaki ilikuwa sawa pande zote mbili, kwa hiyo hewa ile ilikuwa inabanwa na uzito wa hewa ya nje tu, unaolingana na inchi 29 na 2/16 za zebaki. Kila walipoongeza zebaki upande mrefu, hewa ilijikunja. Nawapa mistari mitatu tu ya jedwali lake, mgandamizo ukiwa ni jumla ya hewa ya nje na zebaki iliyozidi:

Hewa ikiwa inchi 12, mgandamizo ni inchi 29 na 2/16.
Hewa ikiwa inchi 6, mgandamizo ni inchi 58 na 13/16.
Hewa ikiwa inchi 3, mgandamizo ni inchi 117 na 9/16.

Zidisha kila mstari: urefu wa hewa mara mgandamizo. Wa kwanza unapata kama 350, wa pili kama 353, wa tatu kama 353. Karibu sawa! Ujazo ukipungua mara mbili, mgandamizo unaongezeka mara mbili. Ukipungua mara nne, mgandamizo unaongezeka mara nne. Hesabu ukiizidisha haibadiliki. Na jibu kwa Padre Line likawa wazi: hewa kidogo iliyobanwa ndani ya mrija ule imeweza kustahimili zaidi ya inchi 100 za zebaki. Kushikilia 29 si tatizo kwake.

Kuna mambo mawili ya uaminifu hapa ambayo nayapenda. La kwanza: pembeni ya vipimo vyake Boyle alichapisha safu nyingine, ya namba ambazo zingepatikana kama kanuni ingekuwa kamili. Kwenye inchi 6 ilitakiwa 58 na 4/16, yeye akapata 58 na 13/16. Kwenye inchi 3 ilitakiwa 116 na 8/16, akapata 117 na 9/16. Hakuzirekebisha zifanane. Aliacha kila msomaji aone tofauti.

La pili: aliandika wazi kwamba yeye mwenyewe alikuwa hajavigeuza vipimo vyake vya hewa iliyotanuka kuwa kanuni yoyote, mpaka Richard Towneley aliyekisoma kitabu chake cha kwanza alipompa wazo hilo. Towneley ni nani? Mlei Mkatoliki wa Lancashire, kaskazini mwa Uingereza, wa ukoo uliotozwa faini na hata kufungwa kwa kukataa kuiacha imani yake. Yeye na rafiki yake daktari Henry Power walikuwa wakipima hewa milimani kwao. Mkatoliki wa wakati ule hakuweza kupata shahada Oxford wala Cambridge kwa sababu ya viapo vya serikali. Boyle angelinyamazia jina lake, nani angemdai? Lakini alilitaja, kitabuni, mwaka 1662.

Na joto je?

Mwalimu wa fizikia atanidai neno moja: joto. Kanuni hii inashika pale tu halijoto isipobadilika. Ukipampu baiskeli haraka haraka, pampu inapata moto. Hewa iliyobanwa ghafla imepata joto, na joto hilo linaongeza mgandamizo juu ya ule unaotokana na kubanwa. Isubiri ipoe, ndipo hesabu ya Boyle inakaa sawa. Boyle mwenyewe aliona kwamba kuipasha moto hewa ndani ya mrija kunabadilisha kitu, lakini Mfaransa Edme Mariotte, mtu wa Kanisa, aliyeifikia kanuni hiyohiyo kwa njia yake katika miaka ya 1670, ndiye anayetajwa kuwa alilieleza vizuri sharti hili. Ndiyo maana Ufaransa wanaiita kanuni ya Mariotte.

Leo tunajua sababu. Hewa ni chembe ndogo mno zinazokimbia huku na huku na kugonga kuta za chombo. Kasi yao inategemea joto. Ukizipa nafasi nusu bila kubadili kasi, zitagonga kila sehemu ya ukuta mara mbili zaidi. Basi. Kanuni hii unaitumia sasa hivi unaposoma: kifua kinapanuka, ujazo wa mapafu unaongezeka, mgandamizo ndani unapungua, hewa ya nje inaingia. Mvuvi anayezamia bila mtungi akifika mita 10 chini, mgandamizo umekuwa mara mbili ya ule wa juu ya maji, na hewa aliyoibeba mapafuni imebaki nusu ya ujazo wake.

Mlei kwa uamuzi

Boyle hakuoa. Mwaka 1660 mfalme aliporudi madarakani, wakubwa walimshauri apokee daraja katika Kanisa la Anglikana. Kwa jina lake angepanda haraka. Alikataa kwa sababu mbili. Kwanza, hakuhisi wito wa Roho Mtakatifu ndani yake, na bila huo hakuthubutu. Pili, aliona maneno yake kuhusu Mungu yatapokelewa vizuri zaidi yakitoka kwa mtu asiyelipwa kwa kuyasema. Mimi niliye njiani kuelekea upadre nasoma hayo na kujiuliza kama ningekuwa na ujasiri wa kukataa vile. Na ninyi mnaodhani kumtumikia Mungu ni kazi ya mapadre na masista, msikieni.

Alilipia tafsiri za Maandiko. Injili Nne na Matendo ya Mitume katika Kimalay zilichapishwa Oxford mwaka 1677 kwa fedha zake. Alisaidia kuchapisha Biblia ya Kiayalandi, Agano Jipya mwaka 1681 na la Kale mwaka 1685. Wengi walioiunga mkono kazi hiyo walitaka kuwavuta Waayalandi waache Ukatoliki, tusijifiche hilo. Hata hivyo Waayalandi walipata Neno la Mungu katika lugha ambayo watawala waliidharau.

Mwaka 1668 alihamia London kwa dada yake Katherine, Lady Ranelagh, mwanamke msomi aliyemtia moyo tangu ujana. Mwaka 1670 alipata kiharusi. Akapona polepole, akaendelea kuandika. Mwaka 1680 Royal Society ilimchagua kuwa rais, akakataa kwa sababu dhamiri yake haikutulia kuhusu viapo alivyotakiwa kuapa. Katherine alifariki Desemba 1691. Robert hakumaliza hata wiki mbili, akafariki mwishoni mwa mwezi huohuo akiwa na miaka 64. Alizikwa kanisa la St Martin-in-the-Fields, London. Kanisa hilo lilijengwa upya karne iliyofuata, na leo kaburi lake halijulikani lilipo.

Katika wosia wake aliacha fedha, pauni 50 kwa mwaka, za kulipia mihadhara ya kutetea imani ya Kikristo mbele ya wasioamini. Akaweka sharti: mhubiri asiingie katika mabishano ya Wakristo wao kwa wao. Kumbukeni ameyaandika hayo katika nchi iliyomwaga damu nyingi kwa mabishano hayo.

Tubaki na nini?

Vijana wenzangu, simu zetu zimejaa mabishano. Wakatoliki na Walokole, wanaoamini na wasioamini, makundi ya WhatsApp yanawaka mpaka usiku wa manane. Mara nyingi tunajibu kabla hatujasikia. Tunamjibu mtu kwa dini yake, kabila lake, shule aliyosoma, na hoja yake inabaki palepale haijaguswa. Wengine tunafanya kinyume: swali likituuma tunalificha, tunaogopa kwamba tukilichunguza imani itabomoka.

Boyle alibanwa mara mbili. Ujanani mashaka yalimpeleka kwenye Kiebrania na Kigiriki. Utu uzimani Mjesuiti alimpeleka kwenye ngazi na mrija wa zebaki. Bila Padre Line huenda kitabu cha mwaka 1660 kingebaki kilivyokuwa, chenye majaribio mazuri na wazo zuri la springi, bila ile hesabu tunayoifundisha hadi leo. Na Line mwenyewe alikosea kuhusu uzi wake, lakini swali lake lilizaa matunda kwa sababu lilimkuta mtu aliyelipa heshima.

Wiki hii nawapa zoezi moja. Chukua hoja moja inayokusumbua kuhusu imani, au hoja ya mtu mliyekosana naye. Iandike kwenye daftari kwa namna ambayo mwenye hoja angeisoma na kusema ndiyo, hicho ndicho ninachomaanisha. Ukishafanya hivyo, tafuta jibu: soma Katekisimu, muulize paroko au katekista, muulize mwalimu. Na ukipata msaada kwa mtu, mtaje jina.

Tusali pia kwa ajili ya umoja wa Wakristo, na kwa ajili ya wenzetu wanaopita katika giza la mashaka. Mungu awabariki.